Yai Lililosubiri Miaka Arobaini: Sentromia na Lawama Anayobebeshwa Mama

Katika skimu ya umwagiliaji ya Madibira, wilayani Mbarali, maji ya mto Ndembera huingia katika mfereji mkuu, hugawanyika katika mifereji midogo, kisha hufika kwenye majaruba ya mpunga ya wakulima wadogo. Kila mkulima wa huko anajua kwamba kazi yote hutegemea mahali pa mgao. Lango likikwama, jaruba moja hufurika na la jirani hukauka, ingawa mto haukupungua na hakuna aliyefanya hila. Mkulima mwenye busara huenda kwanza kulitazama lango kabla ya kumshika jirani yake ukosi.

Busara hiyo, ambayo shambani haihitaji kufundishwa, hukosekana mara nyingi panapozaliwa mtoto mwenye sindromu ya Down.

Mfikirie mama wa miaka 42, mkulima wa mpunga, mwenye watoto sita wazima. Anajifungua wa saba katika kituo cha afya. Mtoto ni mlegevu mikononi, pembe za nje za macho yake zimepanda kidogo, na kiganja chake kina mkunjo mmoja unaokatiza. Mkunga anaona, na anajua anachokiona, kwa kuwa alifundishwa chuoni. Lakini anaandika uzito kwenye kadi, anampongeza mama, na kesho yake anamruhusu kurudi nyumbani. Miezi inapita na mtoto hakazi shingo. Wifi anauliza kwa sauti ya chini mama alikula nini, alipita wapi usiku, alimkosea nani. Mama mkwe anakumbusha kwamba ukoo wao haujawahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Mume hasemi neno, na msimu wa kupandikiza ukifika anahamia kibandani shambani, haonekani nyumbani hadi mavuno. Mama huyu hana jina hapa kwa sababu si mmoja. Wahudumu wa kliniki ya mama na mtoto watamtambua.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba maelezo sahihi ya kilichotokea ndani ya yai ni sehemu ya tiba ya mama huyo, na kwamba mhudumu anayeyafahamu kisha akayanyamazia amemnyima mgonjwa huduma. Wapo watakaosema kwamba habari za kromosomu na protini ni za maabara za Ulaya, hazina nafasi kwenye benchi la zahanati. Wanakosea, na kosa lao linahitaji kuelezwa bila haraka.

Seli ya kawaida ya mwili wa binadamu hubeba kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Hesabu hiyo, ambayo leo mwanafunzi wa sekondari huikariri, ilithibitishwa mwaka 1956 tu na Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi yao Lund nchini Sweden. Kabla ya hapo wataalamu waliamini kwa miaka mingi kwamba ni 48. Miaka mitatu baadaye, 1959, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris wakaonyesha kwamba watoto wenye hali ambayo daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866 wana kromosomu 47. Iliyozidi ni ya 21. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa huadhimisha siku ya watu hawa tarehe 21 Machi: siku ya 21, mwezi wa 3, kwa kromosomu ya 21 iliyo na nakala tatu.

Lilibaki swali la mgao. Kwa nini seli inayogawa kromosomu zake kwa usahihi mara mamilioni ikosee siku hiyo?

Kila kromosomu ina kiuno, mahali palipobanwa mfano wa gunia lililofungwa kamba katikati. Hapo huitwa sentromia. Seli inapojiandaa kugawanyika, hunakili kila kromosomu, na nakala mbili hubaki zimeshikana, hasa hapo kiunoni. Kisha nyuzi nyembamba hutoka pande mbili za seli, hunasa kwenye kiuno hicho na kuvuta, moja huku na nyingine kule. Kwa hiyo sentromia ina kazi mbili zinazovutana: kuzishikilia nakala pamoja hadi wakati ufike, na kuwa mahali pa kuzitenganisha wakati ukishafika. Ikiachia mapema, au ikinaswa vibaya, upande mmoja hupata ziada na mwingine hupungukiwa. Ni habari ileile ya lango na majaruba.

DNA peke yake haiwezi kazi hiyo. Inafanywa na protini zinazoikamata DNA hapo kiunoni, na inafaa wagonjwa wanaosoma makala haya wajue kwamba protini hizo zilifichuliwa kwa msaada wa wagonjwa wenzao. Upo ugonjwa wa ngozi kukakamaa, uitwao skleroderma, ambao katika aina yake mojawapo vidole hugeuka vyeupe kwa baridi, ngozi ya mikono hukazika na chakula hushuka kooni kwa shida. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeukia vitu vya mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti waliochunguza damu ya wagonjwa wa aina hiyo waligundua kwamba kingamwili zao hushambulia sentromia. Mwaka 1985 William Earnshaw na Naomi Rothfield walitumia damu ya wagonjwa hao kama chambo, wakazivua protini tatu wakaziita CENP-A, CENP-B na CENP-C. Sehemu kubwa ya elimu iliyopo leo kuhusu sentromia ya binadamu ilianzia kwenye mirija hiyo ya damu. Hadi sasa kipimo cha kingamwili hizo husaidia kutambua ugonjwa wenyewe, na tabibu wa Mufindi au Njombe anayeona vidole vya mgonjwa vikibadilika rangi kila kipupwe asikimbilie kusema ni baridi tu.

Kila moja kati ya protini hizo ina tabia yake. CENP-B husoma maandishi: hutafuta herufi maalumu 17 za DNA na kuzishika. Herufi hizo zimo ndani ya kipande cha herufi 171 kinachorudiwa maelfu ya mara kwenye sentromia za binadamu. Marudio hayo ndiyo yaliyowashinda wasomaji wa jenomu ya binadamu mwaka 2003, na hayakusomwa kikamilifu hadi 2022. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba CENP-B ndiyo inayoifanya sentromia kuwa sentromia. Haikuwa hivyo. Kromosomu Y ya wanaume haina herufi hizo 17 kwenye sentromia yake, na bado hugawanyika. Panya walioondolewa CENP-B mwaka 1998 waliishi na kuzaa.

CENP-A ni ya namna nyingine. Yenyewe haisomi herufi. Ni ndugu wa histoni, zile protini ambazo DNA hujizungushia kama uzi kwenye kibiringo, na pale ilipo huchukua nafasi ya histoni ya kawaida iitwayo H3. Palipo na CENP-A ndipo palipo na sentromia hai, maandishi yawe yalivyo. CENP-C hushikamana nayo, na juu yake hujengwa mtambo mzima ambao nyuzi za mgawanyo huunasa, uitwao kinetokori. Seli inapogawanyika, CENP-A ya zamani hurithiwa na nakala mpya, na huonyesha mahali ambapo CENP-A nyingine iwekwe. Ni urithi usioandikwa kwa herufi, na kwa macho ya baiolojia ni jambo la ajabu kidogo: mahali ni sentromia kwa sababu jana palikuwa sentromia.

Sasa yai la mama. Hapa ndipo elimu hii inapogeuka kuwa utetezi.

Mwanamume hutengeneza mbegu mpya tangu balehe hadi uzee. Mwanamke hafanyi hivyo. Mayai yake yote huanza safari yake kabla hajazaliwa, akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kufikia katikati ya mimba hiyo, ovari za mtoto wa kike huwa na mayai yapatayo milioni sita hadi saba, kisha hupungua hadi milioni moja au mbili siku ya kuzaliwa. Kila yai huanza mgawanyo wa kwanza wa kromosomu, huziunganisha jozi, kisha husimama. Hubaki limesimama hivyo miaka 15, 25 au 40, mpaka mwezi ambao zamu yake ya kupevuka inafika. Yai lililomzaa mtoto wa yule mama wa Madibira mwenye miaka 42 lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 42. Lilianza kugawa kromosomu zake wakati bibi mzaa mama wa mtoto huyo alipokuwa mjamzito, na likasubiri.

Katika muda wote huo wa kusubiri, kromosomu hushikiliwa na pete za protini ziitwazo kohesini. Tafiti za panya zimeonyesha kwamba pete hizo huwekwa kabla ya kuzaliwa, na yai halionekani kuziweka upya baadaye. Zinazochakaa hazina mbadala. Ipo protini nyingine inayozilinda pete zilizo kwenye sentromia zisikatwe mapema. Watafiti wa Japani walioieleza mwaka 2004 waliiita shugoshini, kutokana na neno la lugha yao lenye maana ya roho mlinzi. Katika mayai ya panya wazee, kohesini hupungua na shugoshini hupungua nayo. Kinyume chake, CENP-A iliyowekwa mapema huweza kukaa mahali pake katika yai la panya kwa zaidi ya mwaka mzima, ambao kwa panya ni umri mkubwa. Msingi husimama, kinacholegea ni fundo. Fundo likilegea, jozi hutangatanga, nyuzi huzinasa kombo, na yai likapata kromosomu mbili za 21 badala ya moja. Mbegu ya baba ikileta ya tatu, hesabu imeshabadilika kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Takwimu zinazotumika katika ushauri nasaha zinafuata njia hiyohiyo. Kwa mama wa miaka 20 uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye sindromu ya Down ni takribani 1 kati ya 1,500. Kwa wa miaka 35 ni takribani 1 kati ya 350. Kwa wa miaka 40, 1 kati ya 100. Kwa wa miaka 45, 1 kati ya 30. Mhudumu azisome namba hizo pande zote mbili. Mama mwenye miaka 40 ana nafasi 99 kati ya 100 za kutopata hali hiyo, na wala hastahili kutishwa. Vilevile, kwa kuwa wanaozaa zaidi ni wasichana na wanawake vijana, watoto wengi wenye hali hiyo huzaliwa na akina mama walio chini ya miaka 35. Mama wa miaka 22 akiambiwa kuwa hali hii ni ya wazee tu, ameambiwa uongo.

Wanawake wa mashambani huuliza kuhusu dawa za kupulizia mpunga. Ni swali la haki, na halipaswi kuchekwa. Jibu ni kwamba hakuna dawa ya shambani iliyothibitishwa kuwa chanzo cha kromosomu ya tatu ya 21. Mjamzito anapaswa kujiepusha nazo kwa sababu nyingine nyingi. Chakula alichokula, mzigo aliobeba, ugomvi na jirani, jicho la mtu, vyote havifiki mahali ambapo ajali hii hutokea.

Hata hivyo, lipo shimo katika njia hii, na wahudumu wasomi ndio wanaotumbukia ndani yake. Takribani watoto 9 kati ya 10 wenye nakala ya ziada ya 21 waliipata kupitia yai. Waliobaki waliipata kupitia mbegu ya baba. Daktari kijana, akiwa na nia njema na kitabu kichwani, humwambia mume: «Imetoka kwa mama.» Sentensi hiyo ni sahihi maabara na ni sumu nyumbani. Mume anasikia kwamba ameoa kasoro. Mama mkwe anapata cheti cha yale aliyokuwa akiyasema jikoni. Elimu iliyokuja kumtoa mama kizimbani ikawa shahidi wa mashtaka.

Wengine, kwa kuogopa hilo, huamua kusema kwamba haijulikani imetoka wapi. Huo nao ni uongo, na uongo wa hospitali hujulikana, kwa sababu simu za mkononi zimefika mpaka kwenye majaruba. Njia iliyo bora ni kueleza wakati badala ya mtu. Mhudumu aseme kwamba yai hili lilianza kugawa urithi wake miaka mingi iliyopita, kabla mama mwenyewe hajazaliwa. Kwamba vishikizo vya ndani vya yai huchakaa kwa kusubiri, kama inavyochakaa kamba nzuri iliyofunga gunia miaka arobaini. Kwamba hili hutokea kwa wanawake wa kila kabila na kila nchi, matajiri na maskini. Na kwamba hakuna ambacho mama au baba alifanya, wala ambacho angeweza kufanya, kulizuia. Maelezo hayo huchukua dakika tano. Mume awepo, mtoto awe amepakatwa, na aitwe kwa jina lake kama amekwisha kupewa.

Maneno yanayotumika nayo yanahitaji kuangaliwa. Katika kadi na rejista nyingi kila mtoto anayechelewa huandikwa «mtindio wa ubongo», awe aliumia wakati wa kuzaliwa, awe na usonji, awe na kromosomu ya ziada. Jina moja kwa hali tatu humfanya mama akose majibu matatu tofauti. Mitaani hutumika maneno mabaya zaidi, na mhudumu akiyarudia kliniki, hata kwa utani, ameyapa muhuri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda utu wa mtoto huyu. Ulinzi huo uanzie kwenye kalamu ya anayejaza kadi.

Wapo wataalamu wenye uzoefu wanaopinga kumweleza mama mapema. Wanasema mama aliyejifungua jana amechoka. Akiambiwa neno zito kabla ya kipimo kuthibitisha, anaweza kumkataa mtoto au kuacha kumnyonyesha. Hofu yao si ya kupuuzwa. Lakini kunyamaza hakumwondolei mama mashaka, kunamwachia tu ayajibu kwa msaada wa wifi na mganga. Na kuna sababu nyingine, ambayo haisubiri hisia za mtu yeyote.

Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya tundu kubwa katikati ya moyo, ambapo kuta na vali za vyumba vya juu na vya chini hazikukamilika. Damu nyingi kupita kiasi husukumwa mapafuni. Upasuaji hufanyika vizuri zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Ukicheleweshwa sana, mishipa ya mapafu hukakamaa, na tundu ambalo lingezibwa haliwezi kuzibwa tena. Na mtoto huyo anaweza kuonekana mzima wiki za kwanza. Moyo unaweza usitoe mnong'ono wowote kwenye kipimasauti, kwa hiyo ukimya wa kifua usichukuliwe kuwa ruhusa. Kila mtoto anayeshukiwa kuwa na hali hii anahitaji kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, awe na dalili au asiwe nazo.

Mama wa Madibira humleta mtoto chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni safari tatu anazozifanya kwa hiari, mtoto mgongoni, zote kabla ya mwezi wa nne, zote ndani ya muda ambao moyo bado unatibika. Mtoto anayehema haraka, anayetoka jasho akinyonya, ambaye uzito wake haupandi kwenye kadi, amekwisha kusema. Lakini ikiwa hakuna aliyemwambia mama kitu siku ya kuzaliwa, muuguzi wa chanjo naye hana cha kutafuta. Anachoma sindano na kumwita anayefuata. Rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kutoka huko hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, huchukua wiki za kutafuta nauli na za kumshawishi mume. Kila wiki ya ukimya hukatwa kutoka kwenye miezi hiyo sita.

Tezi ya shingo nayo haipaswi kusahauliwa. Watoto hawa hupungukiwa homoni yake mara nyingi zaidi kuliko wengine, na mtoto asiyetibiwa hudumaa akili juu ya changamoto aliyonayo. Kipimo cha TSH hufanywa anapozaliwa, akiwa na miezi 6, akiwa na mwaka, kisha kila mwaka. Dawa yake ni kidonge. Kadhalika masikio na macho. Nchini Marekani wastani wa maisha ya watu wenye hali hii ulikuwa miaka 25 mwaka 1983 na leo unakaribia 60, na hakuna aliyeondoa kromosomu ya tatu. Kilichobadilika ni moyo kutibiwa mapema na watoto kulelewa nyumbani badala ya kufungiwa.

Dalili za sura hufundishwa kwa picha za watoto wa Kizungu, na hilo limewaponza wengi. Tafiti zilizolinganisha watoto wa mabara mbalimbali zimeonyesha kwamba baadhi ya dalili hizo, kama nafasi pana kati ya dole gumba la mguu na kidole cha pili au ngozi ya ziada shingoni, huonekana kwa uchache zaidi kwa watoto wa Kiafrika. Mkunga asisubiri orodha ikamilike. Ulegevu wa misuli ni shahidi mzuri kuliko macho, na mtoto mlegevu anayenyonya kwa kuchoka anahitaji msaada wa siku hiyo hiyo: kushikwa kidevu, kupumzishwa, na kukamuliwa maziwa akanyweshwa kwa kikombe.

Kipimo cha kromosomu chenyewe hakipatikani katika zahanati wala hospitali ya wilaya. Damu huoteshwa maabara kwa siku tatu, kisha seli hutiwa dawa inayozivunja zile nyuzi za mgawanyo, ili kromosomu zikwame katikati ya safari zikiwa zimejipanga na viuno vyake vinaonekana. Kuna anayeuliza kipimo hicho ni cha nini ikiwa macho yamekwisha kuona. Ni cha mimba inayofuata. Takribani watoto 95 kati ya 100 wana kromosomu ya 21 iliyo huru, ile ya ajali ya yai, na uwezekano wa kurudia ni mdogo: karibu 1 kati ya 100, au ule wa umri wa mama kama ni mkubwa zaidi. Lakini kwa watoto 3 au 4 kati ya 100, kromosomu ya 21 imeunganika na nyingine, mara nyingi ya 14, kiuno kwa kiuno. Muungano huo wakati mwingine hurithiwa kutoka kwa mzazi mwenye afya kamili, wa kike au wa kiume. Mama akiwa ndiye mbebaji, uwezekano wa kurudia hufika 10 hadi 15 kati ya 100. Ikiwa zilizounganika ni 21 na 21, kila mtoto atakayezaliwa hai na mzazi huyo atakuwa na hali hiyo. Hakuna jicho la mkunga linaloweza kutofautisha familia hizi.

Kromosomu zilizounganika hivyo ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi kazi ya protini za sentromia. Nyingi zina maandishi ya viuno viwili. Kama vyote vingefanya kazi, nyuzi zingeivuta kromosomu moja pande mbili na kuikata. Haikatiki, kwa sababu kiuno kimoja hunyamazishwa. CENP-B hubaki imeshika vyote viwili, maana inasoma maandishi na maandishi bado yapo; CENP-A na CENP-C huwa kwenye kile kilicho hai tu. Mzazi anayebeba kromosomu hiyo anaweza kulima, kuzaa na kuzeeka bila kujua, shukrani kwa protini hizo zilizokubaliana kiuno kipi kifanye kazi.

Itasemwa kwamba nchi ambayo bado inapoteza akina mama kwa damu na watoto kwa malaria haina fedha ya kutafuta sentromia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kilichoombwa kingekuwa mashine katika kila wilaya. Kinachoombwa ni kidogo kuliko hicho: sampuli ya damu ya mtoto iwe na njia inayojulikana ya kufika kwenye maabara inayoweza kuisoma na majibu yawe na njia ya kurudi, ili familia changa isiyo na umri wa kuelezea kilichotokea, au yenye mtoto wa pili mwenye hali hiyo, isibahatishe, na kipimo cha moyo na cha TSH visihesabiwe anasa kwa watoto hawa. Mengine ni maneno, na maneno tayari yamelipiwa mshahara.

Uchunguzi Afya wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8. Maana yake wapo wengi wanaoendelea kuzaa wakiwa na miaka 40 na kuendelea, na mayai yaliyosubiri muda mrefu yataendelea kupevuka Madibira, Rujewa na Mafinga. Kwa mtoto wa saba wa yule mama, kadi ilipaswa kusomeka hivi siku ya kwanza: inashukiwa sindromu ya Down, wazazi wote wawili wameelezwa, moyo upimwe kabla ya wiki sita, TSH, uzito na pumzi viangaliwe kila chanjo. Na mume alipaswa kuitwa ndani asubuhi hiyo hiyo, kabla hajaondoka kwenda shambani.